Watu 8, magari 2, wikendi moja nje ya jiji: tupangeje isiishie kwenye grupu?

Upepo_Mwanana

Wakuu, habari za jioni. Tuko marafiki 8, tunataka kutoka jijini Ijumaa baada ya kazi na kurudi Jumapili kabla ya giza. Magari tunayo mawili, madogo ya kawaida, na wenye leseni ni watatu. Hatujaamua kama tupange nyumba au tubebe mahema. Mmoja wetu hali nyama kabisa.

Naomba mwongozo kwenye mambo manne. Umbali gani unafaa kwa siku mbili? Michango ikusanywe vipi bila kugombana? Chakula kitunzweje mpaka Jumapili? Na gari likishajaa watu wanne na mizigo yao, kuna la kuangalia zaidi ya mafuta? Majina ya sehemu msinipe, hayo tutachagua wenyewe. Nataka utaratibu, vipimo na makosa yanayojirudia.

Kumi_na_Moja_Alfajiri

Mkuu, anza na saa, ramani ifuate. Ijumaa saa 11 jioni mpaka Jumapili saa 12 jioni ni saa 49. Toa usingizi wa usiku mbili, saa 16. Toa saa 8 za kupika, kula na kuosha vyombo vya watu wanane. Toa 3 za kufungua na kufunga mizigo. Zimebaki 22, na barabara bado haijachukua chake.

Ramani ya simu ikisema saa 3, wewe andika 4. Ramani inahesabu gari linalotembea. Haihesabu kituo cha mafuta chenye choo kimoja na foleni ya watu wanane. Kundi kama lenu likisimama mara moja ni dakika 20 hadi 25, hata kama mlikubaliana "dakika tano tu". Kwenda na kurudi zimeondoka saa 8, mmebaki na 14 za kustarehe. Hiyo ni wikendi nzuri. Mahali pa saa 5 za ramani patawaachia kama 9, na nusu yake mtailala kwa uchovu. Mimi mpaka wangu ni saa 3 za ramani, zaidi ya hapo tafuteni siku ya tatu.

Kuhusu kutoka Ijumaa: wengi wanaona wanajiongezea usiku mmoja, kumbe usiku wenyewe unaliwa na foleni ya kutoka mjini. Halafu mfikirie dereva. Aliyeamka saa 12 asubuhi akashinda kazini, ikifika saa 5 usiku ana saa 17 yuko macho. Watafiti Dawson na Reid walilipima hili na kulichapisha mwaka 1997: mtu aliyekesha saa 17 umakini wake unashuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi haziruhusu kushika usukani katika hali hiyo. Mkisubiriana mpaka saa 2 usiku ndipo muondoke, mnafika saa 6 usiku mkiendeshwa na mlevi ambaye hajaonja hata tone.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama mizigo yote ipakiwe Alhamisi usiku, gari linapita kuchukua watu tu, na saa 11 jioni mko barabarani. Ama kila mtu alale kwake, muondoke Jumamosi saa 11 alfajiri. Kwa kundi lenye watu wanaotoka kazini saa tofauti napendekeza hiyo ya pili: barabara nyeupe, usiku mmoja wa malazi umeokolewa, na saa 3 asubuhi mko pale mnakunywa chai.

Mkipanga kutembea mlimani au porini, msikadirie kwa macho. Kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 ambayo mpaka leo inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 mnazopanda. Njia ya kilomita 10 yenye mpando wa mita 600 ni saa 3. Hiyo ni kasi ya mtu mwenye mazoezi asiyesimama kupiga picha. Kundi mchanganyiko liongeze nusu, iwe saa 4 na nusu. Mwendo ni wa yule wa mwisho, kwa hiyo mwekeni mbele, siyo nyuma. Akiwa nyuma mtamsubiri, akifika tu mnaanza tena kutembea, na yeye hajapumzika hata mara moja.

Kitu kimoja kikubwa kwa siku kinatosha. Ukiona ratiba ina mlima asubuhi, boti mchana na nyama choma jioni, ujue aliyeiandika si yeye atakayepika.

Mweka_Hazina

Nichukue la michango, maana safari nyingi hufia hapo.

Grupu haliwezi kuamua. Ukiuliza "twende lini?" utapata majibu manane na emoji kumi na mbili. Watu wawili wakae pembeni, waje na tarehe mbili na sehemu mbili, kura ifungwe baada ya saa 48. Asiyepiga kura amekubaliana na wengi. Baada ya hapo anayehesabiwa ni aliyelipa. "Nipo ndani" bila fedha ni salamu tu.

Ujumbe wa kutuma uwe mfupi na usiache mlango wazi. Mfano, nyumba ikiwa 480 kwa usiku zote:

"Nyumba imepatikana, nafasi 8. Mchango wa malazi 60 kila mmoja, mwisho Jumatano saa 2 usiku. Aliyelipa ndiye mwenye nafasi. Atakayejitoa baada ya hapo, fedha ya malazi hairudi mpaka apatikane wa kuziba nafasi yake. Fedha ya chakula inarudi yote ukitoa taarifa kabla ya Alhamisi mchana, kwa sababu ndipo tunanunua."

Sentensi inayoepusha ugomvi hapo ni ile ya kujitoa. Ikiandikwa kabla, ni utaratibu. Ikisemwa baada ya mtu kujitoa, inakuwa vita.

Gharama zigawanywe mafungu matatu. Malazi yalipwe mapema kama hapo juu. Chakula, maji, gesi na mafuta ya gari ni vya pamoja, vinahesabiwa mwisho. Vinywaji vikali na michezo ya kulipia kila mtu na mfuko wake, la sivyo asiyekunywa atawalipia wanaokunywa, na hatasema kitu, ila safari ijayo hamtamwona. Wekeni akiba ya asilimia 10 juu ya bajeti. Isipoguswa, irudishwe.

Mkirudi, msirudishiane kwa kila risiti. Jumlisha, gawanya, halafu angalia nani kazidisha. Tuseme njiani Asha kalipa chakula 200, Juma kaweka mafuta ya 70, Neema kaweka ya 50. Jumla 320, kwa watu 8 ni 40 kila mmoja. Asha anadai 160, Juma 30, Neema 10. Watano waliobaki wanadaiwa 40 kila mmoja. Wanne wamtumie Asha, wa tano ampe Juma 30 na Neema 10. Miamala sita, kwisha. Kila mtu akimtumia kila mtu, mnaingia ishirini na zaidi, na makato ya kutuma yanawala. Fanyeni hesabu hiyo Jumapili hiyo hiyo kabla hamjatawanyika. Jumatatu risiti zimeshapotea.

Mafuta msikisie. Jazeni tanki mpaka bomba likate lenyewe kabla ya kuondoka, mkirudi mjaze tena hivyo hivyo kituo kile kile. Lita zilizoingia mara ya pili, pamoja na mlizonunua njiani, ndizo zilizotumika. Kwa makadirio ya awali: gari dogo lililojaa, lita 9 kwa kilomita 100, mwendo wote kilomita 360 pamoja na mizunguko ya huko, ni lita 32 na ushei kwa gari moja.

Roda_Nne

Mweka Hazina umepiga vizuri ila kwenye mafuta sikubaliani. Mwenye gari asichangie mafuta. Tairi zinalika, oili inasogea, na jiwe likipasua kioo kundi halimjui. Kwenye mfano wako mafuta ni 120: ukigawa kwa 8 ni 15, ukiwatoa wenye magari wawili ni 20. Hiyo tofauti ya 5 ndiyo shukrani yao.

Sasa magari yenyewe. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Tafuta humo mambo mawili unayoyahitaji: uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo, na upepo wa tairi. Kwenye baadhi ya magari kipo kwenye kifuniko cha tanki la mafuta. Tuseme kinasema kilo 450. Watu wanne wa kilo 75 ni 300, imebaki 150. Inaonekana nyingi mpaka uanze kupakia: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu matatu ya lita 20 yamekula 60. Sanduku la barafu la lita 40 likijaa ni kama 30. Mabegi manne ya kilo 10, arobaini. Imebaki 20, na bado hujaweka mtungi, sufuria, viti wala spika ya mtu asiyeweza kulala bila muziki.

Namna ya kupakia ina maana kuliko watu wanavyodhani. Vizito viwe chini kabisa, vikigusa mgongo wa kiti cha nyuma. Ukiweka madumu ya maji nyuma kabisa karibu na mlango wa buti, uzito unakuwa nyuma ya ekseli, mkia unakaa chini na pua inanyanyuka. Hapo matatizo mawili yanakuja pamoja: usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, na taa zako zinawachoma macho wanaokuja mbele. Magari mengi yana kitufe kidogo cha kuzungusha kwenye dashibodi, kimeandikwa 0 mpaka 3, ni cha kushusha taa gari likibeba. Watu wanaishi na gari miaka mitano hawajakigusa. Juu ya vitu vizito usipange kitu kinachovuka usawa wa kiti bila kukifunga. Ukikanyaga breki ya ghafla, sufuria inaendelea na safari.

Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, yaani gari limelala au limetembea si zaidi ya kilomita 2 au 3. Tumia namba ya mzigo kamili, siyo ile ya kila siku. Tairi ikishapata moto inasoma psi 3 hadi 5 zaidi. Kosa linalojirudia ni dereva kupima katikati ya safari, kuona imezidi, na kupunguza. Ikipoa inabaki na upepo pungufu, ubavu unajikunja kila mzunguko, unapata moto, tairi inapasuka. Kwa hiyo ukipima njiani na kuona imepanda kidogo, iache.

Spea nayo ina upepo wake, na ndiyo tairi isiyopimwa na mtu. Ikiwa ni ile nyembamba ya dharura, kawaida imeandikwa ubavuni usizidi kilomita 80 kwa saa. Jeki iwepo, na spana ijaribiwe nyumbani kwa kulegeza nati moja na kuikaza tena. Kama roda zina nati za kuzuia wizi, kile kichwa chake maalumu kiwe ndani ya gari, vinginevyo spea na jeki ni mapambo. Na spea isizikwe chini ya mizigo yote. Ukishindwa kuiweka juu, angalau mjue mizigo inatoka kwa mpangilio gani, maana mvua haichagui saa.

Maji ya rejeta yaangaliwe injini ikiwa baridi kwenye chupa ya akiba, kati ya mstari wa chini na wa juu. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa. Maji yake yako chini ya mgandamizo na yatakurukia usoni. Ukiona mshale wa joto unapanda kwenye mlima, zima kiyoyozi, washa hita kwa nguvu zote, fungua vioo. Hita inatoa joto la injini, mtachemka nyinyi badala yake. Mshale ukiendelea kupanda, egesha uzime na usubiri nusu saa walau.

Mteremko mrefu: teremsha gia hadi ya tatu au ya pili kabla ya kuanza kushuka. Gari lisilo na klachi lina L, 2 au alama ya kutoa, tumia hiyo. Ukiegemea breki kilomita tano mfululizo na gari limejaa, pedi zinachemka, mafuta ya breki yakipata moto kupita kiasi yanatoa viputo, na pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu. Harufu ya kuungua ni onyo la kwanza. Usingoje la pili.

Magari mawili yasifuatane kama treni. Wa nyuma atalipita lori mahali pabaya ili asiachwe. Pangeni vituo vya kukutana, kila saa moja au moja na nusu, kila dereva aende kwa akili yake. Pakueni ramani kwenye simu mapema ili ifanye kazi bila mtandao. Madereva watatu mnao, basi wabadilishane kila baada ya saa 2.

Jiko_la_Nje

Chakula. Mkifuata wazo la kuondoka Jumamosi alfajiri, milo ni mitano: Jumamosi mitatu, Jumapili miwili. Mara watu 8 ni sahani 40. Msipange milo mitano ya kupika. Pikeni mitatu, miwili iwe ya kukata na kula.

Vipimo: mchele mkavu gramu 80 hadi 100 kwa mtu, kwa hiyo mlo mmoja wenu ni chini ya kilo moja. Tambi kavu gramu 100. Mayai mawili kwa mtu, trei ya 30 inatosha asubuhi zote mbili kwa kubanana kidogo, au weka mengine mawili. Nyama isiyo na mfupa gramu 150 hadi 200, yenye mfupa ongeza theluthi. Vitunguu na nyanya vikatwe nyumbani, viwekwe kwenye vyombo vya kufunga. Maharage yachemshwe nyumbani, kwa sababu kuyachemsha kule ni kuchoma gesi ya mlo mzima.

Asiyekula nyama mnamhudumia bila kumpikia sufuria ya pili. Kaangeni mchuzi wa mboga kwanza, mtoleeni wake, ndipo nyama iingie. Mwiko na ubao wa kukatia viwe viwili, na mmoja usiguse nyama kabisa.

Sanduku la barafu ndipo watu wanapoharibu. Usiku wa kuamkia safari liweke ndani ya nyumba na barafu kidogo ndani lipoe. Sanduku lililoshinda storini au kwenye buti linaanza na joto lake, na barafu yako inatumika kupoza plastiki badala ya nyama. Ujazo wa barafu uwe mara mbili ya chakula. Barafu ya vipande inayeyuka haraka, mabonge makubwa yanadumu, kwa hiyo gandisha chupa za lita moja na nusu. Acha nafasi ya vidole vinne juu, kwani maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9 na yatapasua chupa. Zipe saa 24 kamili kwenye friza, 48 ni bora. Zikiyeyuka Jumapili, hayo ndiyo maji yenu ya njiani.

Mpangilio kutoka chini: chupa zilizolala, nyama iliyogandishwa ikiwa kwenye mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine, chupa nyingine, halafu maziwa, mboga na vilivyopikwa juu. Nyama ya Jumapili ndiyo ya chini kabisa. Mianya jaza kwa taulo, hewa ni adui. Vinywaji vikae kwenye sanduku lake, kwa sababu hilo litafunguliwa mara hamsini. Yale maji baridi yanayotokana na barafu msiyamwage mapema. Maadamu kuna barafu ndani yake, yanaendelea kupoza. Ila chakula kisiogelee humo.

Kipimo cha usalama ni nyuzi 4 kushuka chini. Kati ya nyuzi 4 na 60 vijidudu vinazaana. Chakula kilichoiva kisikae nje zaidi ya saa 2, na hewa ikizidi nyuzi 32 iwe saa 1. Wali ndio unaowadanganya wengi: una bakteria aitwaye *Bacillus cereus* ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukilala nje anatengeneza sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena. Pikeni wa kutosha mlo mmoja, ukibaki usiku kucha nje, mwageni.

Maji ya kunywa hesabuni lita 3 kwa mtu kwa siku, zaidi kama kuna jua na mlima. Kupika na kuosha vyombo lita 4. Hiyo ni 56 kwa siku kwa watu 8. Kabla hamjaangusha springi za Roda Nne, ulizeni kama kule kuna bomba, mkibeba ya kunywa tu ni lita 24 kwa siku. Maji yenye shaka yachujwe kwa kitambaa safi, yachemke kwa nguvu dakika 1. Mkiwa juu ya mita 2,000, dakika 3, kwa sababu huko yanachemka yakiwa na joto pungufu.

Majiko yawe mawili. Sufuria ya watu 8 kwenye jiko moja dogo inawaweka macho mpaka saa 4 usiku. Upepo ukipuliza msizungushie bati jiko linalokaa juu ya kimtungi chake. Joto linarudi chini kwenye mtungi, na mtungi unaweza kulipuka. Hamisheni jiko nyuma ya gari lililozimwa au ukuta.

Na ndani ya kisanduku cha dawa wekeni sukari na chumvi. Tumbo likiharibika: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mkipunja sukari si neno kubwa, mkizidisha chumvi ni hatari.

Upepo_Mwanana

Wakuu mmenifungua macho, ahsanteni sana. Tumekubaliana Jumamosi alfajiri na saa 3 za ramani. Bado tunavutana nyumba au mahema, maana kuna dalili za mvua. Na mwenzetu mmoja huchelewa kila mahali, huyo anawekwaje?

Kigingi

Ndugu, kwa usiku mmoja na dalili za mvua, pangeni nyumba. Mahema yanadai saa 2 za kusimamisha na kukunja, na hema lililokunjwa na unyevu mkiliacha kwenye mfuko siku tatu linaota ukungu.

Mwenye nyumba msimwulize vyumba vingapi, mwulizeni vitanda vingapi na upana wake. "Vyumba vinne" huwa ni vitanda viwili, kochi na godoro la kupuliza. Ulizeni pia: maji yanatoka mfululizo au kuna tanki? Umeme ukikatika kuna nini? Magari mawili yanaingia ndani? Ada ya usafi iko ndani ya bei au juu yake? Funguo zipo kwa nani na namba yake inapatikana? Omba video ya kuzunguka nyumba iliyopigwa siku hiyo. Picha za tangazo zilipigwa rangi ikiwa mbichi.

Kama mtashikilia mahema: maandishi ya "watu 4" yanahesabu miili iliyolala bega kwa bega, sentimita 60 hivi kila mmoja, begi halimo. Kwa watu 8 bebeni matatu. Yasimamisheni nyumbani mara moja, mhesabu nguzo na vigingi. Kigingi kiingie kichwa kikiwa kimelalia upande usio wa hema, kamba ikivuta isikitoe. Turubai la chini lisichomoze nje ya sakafu ya hema hata kidogo. Likichomoza linakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu, halafu watu wanasema hema linavuja. Msilale kwenye mkondo mkavu wala chini ya tawi lililokufa.

Hili ni la nyumba na hema vilevile: jiko la mkaa haliingii ndani, hata likiwa majivu yanayofukuta, hata kukiwa na baridi kiasi gani. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kukohoa. Moto wa nje uzimwe kwa maji, ukorogwe, umwagiwe tena, mpaka ukisogeza mgongo wa mkono husikii joto.

Radi ikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, tokeni kwenye maji na miinuko, ingieni ndani ya gari au nyumba, na mngoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Mweka_Hazina

Roda Nne, la mafuta nakubali, gaweni kwa 6.

Mchelewaji asiambiwe saa ya uongo, atagundua na safari ijayo ataongeza saa zake mwenyewe juu ya zenu. Mpeni jukumu ambalo wengine hawawezi kuondoka bila hilo na ambalo linamalizwa siku moja kabla: kwa mfano akabidhi gesi na majiko Ijumaa saa 1 usiku nyumbani kwa dereva. Halafu, kama kuna nafasi, alale huko huko. Mkishindwa hilo, awe wa kwanza kuchukuliwa, siyo wa mwisho. Dereva akisimama mlangoni kwake saa 10 na nusu alfajiri, bado kuna nusu saa ya kumbembeleza wakati gari la pili linakusanya wengine.